Ventilo Nne na Ng'ombe Mmoja

Adelaïde Umwali aliingia dukani kwangu Kitshanga mara ya kwanza akiwa amebeba jibini mbili, na kabla hajaziweka mezani tulikuwa tumeshaanza kubishana. Zilikuwa jibini nzuri, za duara, ngozi ya njano isiyo na ufa, zile za milima ya Mushaki zinazokaa miezi miwili bila kuharibika. Nilizibonyeza kwa kidole gumba, nikakunja uso kama ninavyoukunja mbele ya kila kitu kizuri, nikasema zimezidi chumvi.

"Haujaonja hata," akasema. "Ni chumvi njo inakuuma, Papa Kahambu, ao ni bei?"

Sikuwahi kumwona, lakini jina langu alilijua. Kahambu ni binti yangu wa kwanza, na Kitshanga nzima iliniita kwa jina lake. Lile nililobatizwa nalo lilibaki Butembo, kwenye daftari la parokia.

Hatujapatana bado, kompyuta yangu ikazimika.

Duka langu liliuza misumari, chumvi, betri na sabuni, lakini pembeni nilikuwa na meza ya kompyuta: picha za kadi, kuchapa barua, fotokopi, kutia nyimbo kwenye simu. Meza ile iliniingizia zaidi kuliko misumari yote. Ubaya ni kwamba kila siku, kabla ya saa tano asubuhi, mashine ilikata yenyewe, na mteja aliyekaa mbele ya kamera akabaki anatabasamu bure. Nilikuwa nimeifunika kwa plastiki ya godoro jipya, na juu ya plastiki kitenge kizito, kwa sababu ya vumbi la pikipiki. Niliitunza kama mtoto mchanga.

"Umeme wa jenereta iko mubaya," nikamweleza.

Alizunguka meza bila ruhusa, akaondoa kitenge, akaondoa plastiki, akapitisha kiganja nyuma ya sanduku.

"Umeme iko muzuri. Hii mashini iko inakufa na joto. Umeifunga, umeifunika blanketi, na bado unaitumisha kazi. Hata ng'ombe, Papa Kahambu, hauwezi kumufanya vile."

Ilikuwa 2022, mwezi wa nane. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mwembamba, mwenye mikono mikubwa ya mtu aliyekamua tangu utoto. Habari zake nilizipata siku ile ile, kwa sababu sinunui kitu bila kujua kinatoka wapi. Baba yake alikuwa na ng'ombe ishirini na wawili na nyumba ya kutengenezea jibini juu ya Mushaki. Ng'ombe wale walimsomesha Adelaïde informatiki Goma, miaka miwili. Halafu watu wa bunduki waliwaswaga wote isipokuwa mmoja, mchana mmoja, na shule ikaisha mchana ule ule. Akabaki Goma miaka mitatu kwenye karakana ya kompyuta mbovu, kwanza anafagia, mwishowe anafungua na kufunga kuliko mwenye karakana. Mume wake alikwenda Rubaya kuchimba koltani. Habari zilizorudi juu yake zilikuwa mbili, na hazikufanana. Sasa aliishi pembezoni mwa Kitshanga na mama yake, Mukagasana, na ng'ombe mmoja aliyebaki katika wale ishirini na wawili, jike mwekundu wa kukoza aliyeitwa Bihogo. Jibini zilitoka kwa Bihogo na kwa maziwa aliyonunua kwa majirani.

"Yako imekwisha," akasema juu ya kompyuta yangu. "Nitakutengenezea ingine, nitaunga kipande kwa kipande. Vyombo unalipa wewe, niko najua kwenye vinapatikana Goma. Kazi yangu hautanilipa."

Mtu akiniambia sitalipa, huwa nashika mfuko kwa mikono miwili. Nikamwuliza anataka nini.

"Uko na camion. Siku barabara itafungwa, Bihogo apande. Yeye wa kwanza, mbele ya mifuko yako."

Ng'ombe kwenye lori langu anakula nafasi ya mifuko kumi na minne ya maharage. Nilifikiri kidogo. Lakini siku ile barabara ilikuwa wazi hadi Sake, malori yalikuwa yanapanda na kushuka, na ahadi ya namna hiyo ilionekana kama kuahidi mwavuli wakati wa jua kali. Nikampa mkono. Na jibini nikazipata kwa bei yangu, kwa hiyo nilimwona yeye ndiye aliyefanya biashara mbaya.

Vyombo vilifika baada ya wiki mbili, na dereva wangu Mbusa alivishusha kama mayai. Ventilo zilikuwa nne, vile vifeni vidogo vyeusi vya kupepea, kila kimoja upana wa kiganja. Sanduku la kiwandani Adelaïde alilikataa, akasema yale ya bei yangu yana uso wa chuma mtupu na hayapumui. Alilitengeneza mwenyewe kwa mbao za misipresi, mbao za rafu za jibini za baba yake, zilizokauka miaka kumi. Upande mmoja alitia kioo cha fremu ya picha. Nikadhani ni urembo.

Kabla ya kukata matundu alikaa nusu siku na kipande cha mkaa anachora kwenye ubao. Mimi kazi iliyochorwa muda mrefu hunitia wasiwasi.

"Mbili mbele, chini, zivute ndani," akaeleza. "Moja nyuma itoe. Moja juu itoe. Hewa ya baridi inakaaka chini, ya moto inapanda yenyewe bila muntu kuituma. Mu nyumba ya fromaji ya baba kulikuwa matundu chini upande wa baridi, na matundu juu upande wa pili. Ukikataza moto kutoka, jibini inatoka jasho, inaoza. Ni kitu kimoja."

Nikasimama juu ya mchoro. Nikamwuliza kwa nini nilipie ventilo mbili kuingiza upepo, halafu nilipie nyingine mbili kuutupa nje. Upepo nimeununua. Zote nne zipige ndani.

Mama yake alikuwa amekaa mlangoni, amemletea uji. Mukagasana alikuwa mzee mfupi mwenye mdomo usio na foleni. Akacheka mpaka akashika nguzo. "Mwanaume wa Butembo," akasema, "hata pumzi unapima kwa kilo."

Adelaïde hakucheka. "Sawa. Tutie mupango yako kwanza," akasema, akazifunga zote nne zikitazama ndani kama nilivyoagiza.

Halafu akachukua nyasi kavu, zile ambazo mama yake alizitumia kufukizia chansi, chombo cha mti wanachokamulia, ili maziwa yakae vizuri. Akaziwasha, akazipuliza mpaka moshi ukawa mzito, akazishika mbele ya sanduku. Hapo nikajua kazi ya kioo. Moshi uliingia kutoka mbele, ukaingia kutoka nyuma, ukaingia kutoka juu, ukakutana katikati, ukasimama. Ukazunguka pale pale kama watu waliofungiwa kanisani. Mashine ilifanya kazi dakika thelathini na tano, ikakata.

"Unaona," akasema. "Kila muntu ameingia, hakuna mwenye kutoka. Ukimupiga ng'ombe fimbo pande zote ine, anasimama."

Akageuza mbili. Moshi ukaingia chini, ukapita juu ya kila kitu kama mtu anayejua njia, ukatoka nyuma na juu. Kile chuma cha kupoza prosesa, yaani kile kipande kinachofikiri, alikigeuza kitazame nyuma, ili moto wake uangukie moja kwa moja mdomoni mwa ventilo ya kutolea. Nyaya alizifunga zote nyuma ya ubao. Sanduku aliliinua juu ya mikebe minne ya samaki, akaliweka mbali na ukuta kiganja na nusu, akanikataza kulisogeza. Mbele ya matundu ya kuingilia alipigilia kitambaa cha kuchujia jibini, kifuliwe kila Jumamosi. Na zile mbili za kutoa alizipunguzia mwendo kidogo.

"Inayoingia izidi inayotoka kidogo tu," akasema. "Vile, kila ufa utapumua kwa inje, na vumbi haitapata mulango."

Nilingoja saa tano. Nikangoja saa nane. Saa kumi na moja, tulipozima jenereta, mashine ilikuwa bado inafanya kazi, na ukiweka mkono juu ya sanduku unasikia uvuguvugu tu, kama juu ya kikombe kilichosahauliwa. Miezi minne haikuzimika hata mara moja. Nilisahau lori na ng'ombe kabisa.

Halafu mwezi wa kwanza, mwaka uliofuata, bunduki zikashuka vilimani. Sitaeleza ni akina nani. Waliotoka na walioingia wote walivunja kufuli zilezile. Kwa siku tatu ilikuwa milio, siku ya nne ikawa kimya, na kimya kile ndicho kilichokuwa kibaya. Kamba ya kizuizi ilifungwa kwenye njia ya Mushaki, nyingine kwenye njia ya Mweso, nyingine upande wa mashariki. Aliyekwenda kuangalia kama kamba ipo kweli alirudi bila viatu. Lori langu lilikuwa uani, limepakiwa nusu, na Mbusa alikaa kwenye kiti cha dereva mchana kutwa, mikono kwenye usukani, haendi popote.

Adelaïde alikuja siku ya tano kupitia nyuma, kati ya nyumba za mbao, anamvuta Bihogo kwa kamba fupi. Watu wa bunduki walikuwa wanachukua kila mnyama kwa nyama. Ng'ombe alikuwa na mimba ya miezi minane.

"Barabara imefungwa, Papa Kahambu," akasema. Alisema hivyo tu.

"Barabara imefungwa kwangu pia," nikamjibu. "Camion haitembei."

"Basi atangojea kwenye iko."

Tulimtia Bihogo kwenye depo yangu ya unga. Ni chumba cha mbao bila dirisha, na siku ya kwanza tu joto la mnyama na harufu vilijaa mpaka mtu yeyote mwenye pua angemjua akipita barabarani. Adelaïde akafanya kile alichofanya kwa kompyuta. Aling'oa ubao mmoja chini upande wa ukuta wa jirani, akatoboa juu karibu na paa upande wa choo, akawasha nyasi zake, akatazama moshi. Harufu ya ng'ombe ikatoka kuelekea chooni, ambako hakuna aliyeiuliza. Yeye na mama yake walilala kwenye mifuko, na ng'ombe katikati. Mukagasana alimwimbia chini chini ili asilie. Wiki tatu ng'ombe yule hakuona jua, na sisi hatukuliona zaidi yake, maana waliamuru madirisha yote yanayotazama barabara yapigiliwe mbao ili mtu asipige picha askari wao wakipita. Tulikaa mle, duka limefungwa pande zote, mishumaa mchana. Tulisikiliza buti. Buti zilipopunguza mwendo, sote tuliacha kutafuna.

Wiki ya tatu buti zilisimama. Aliyeingia alikuwa afisa kijana mwenye miwani safi, aliyesema kwa adabu sana, na adabu ile ilinitisha kuliko kelele. Alisikia nina mashine. Alitaka jetoni za mtaa wetu mzima, karatasi yenye picha, jina na umri, watu mia sita kwa siku tatu. Asiye na jetoni hatatembea.

Mtu akihitaji kitu kwa haraka, bei ipo. Nikamwambia karatasi ninayo, wino ninao, mafuta ya jenereta anipe yeye. Na kazi ikiisha, nataka ruhusa ya lori moja kupita kamba ya Mweso.

"Kazi ikiisha," akasema. "Isipoisha, Patron, hautaniomba tena kitu."

Siku ya kwanza walitupangia watu mstarini ndani ya duka, arobaini kwa mara moja, mlango umefungwa, madirisha yamepigiliwa. Unasikia tu kupumua kwa arobaini na jenereta nje. Kufika saa nne kuta zilikuwa zinatoka maji. Nikaweka mkono juu ya sanduku: moto. Ventilo zilikuwa zinavuma kwa nguvu zote.

"Ventilo ziko nzuri," Adelaïde akaninong'oneza bila kuacha kuchapa. "Lakini zinakula hewa ya namna gani? Chumba yote imekuwa sanduku. Na sisi njo joto."

"Dirisha siwezi kufungua. Wataniua."

"Sijakuomba dirisha."

Aling'oa mbao mbili za sakafu, chini ya meza, upande wa kaskazini. Nyumba zetu zimeinuliwa juu ya mawe, na chini yake hewa ni ya baridi hata mwezi wa pili. Akamtuma Mbusa apande darini atoe bati la kofia ya paa, upande usioonekana barabarani. Halafu, mbele ya watu arobaini na mlinzi mmoja mwenye bunduki, akawasha nyasi. Mlinzi akauliza ni uchawi gani.

"Ni ya maziwa," akasema. "Muulize mama yako kama alikunywaka."

Moshi ulipita chini ya meza, ukapanda kati ya watu, ukatoka juu. Wote walifuata moshi ule kwa macho mpaka tunduni, na wakabaki wanatazama pale, kwenye kipande kidogo cha mbingu. Mashine ikatulia. Tulimaliza mia mbili siku ile, mia mbili kesho yake, na siku ya tatu, saa kumi jioni, jetoni ya mia sita na kumi.

Afisa akatia sahihi rundo zima bila kusoma. Akatia sahihi pia ruhusa ya lori. Halafu akavua miwani, akaifuta.

"Camion inatoka kesho asubuhi," akasema. "Mashini inabaki. Na technicienne, huyu fundi, anabaki na mashini."

Nitaeleza nilichofanya kama nilivyokifanya. Nilimwambia mashine ni yangu, aichukue, lakini mwanamke ana mama mzee. Akakataa. Nilimpa jibini na katoni ya betri. Akachukua, akakataa. Mara ya tatu sikujaribu. Nilikuwa na ruhusa mfukoni, na mtu mwenye ruhusa mfukoni huanza kuogopa kila neno analoongeza.

Adelaïde alisikia yote. Afisa alipoondoka alikaa kwenye kiti cha wateja, mbele ya kamera, mikono magotini.

"Camion inatoka kesho," akasema.

"Inatoka."

"Bihogo wa kwanza. Mbele ya mifuko."

Nje kulikuwa na watu ambao wangenipa chochote kwa nafasi ya kusimama, na ng'ombe ni watu kumi na wawili.

Mukagasana akatoka deponi na majani nyweleni. "Anahesabu," akasema. "Angalia midomo yake."

"Mama, acha," Adelaïde akasema. Akanigeukia. "Sikiliza, Papa Kahambu. Mashini imefanya kazi siku tatu, njo maana uko na karatasi. Mimi nilimaliza yangu. Mama anapanda na ng'ombe. Utawafikisha kwenye kuko amani. Pale, desturi yetu ya kumuwekea muntu ng'ombe: maziwa ni ya mwenye kuchunga, mwana wa ng'ombe ni ya mwenyewe. Utakunywa maziwa mpaka nitafika. Ndama ni yangu. Na unaniachia ufunguo wa duka, na maharage mifuko miwili."

"Na kama haufiki?"

"Nitafika," akasema, kama anayetaja saa ya misa.

Nikampa mkono mara ya pili. Nilishusha mifuko kumi na minne.

Nilikuwa na swali moja, ng'ombe atapitaje kamba wakati kila kinachopumua kinadaiwa karatasi. Asubuhi, wakati Bihogo anasukumwa juu ya mbao, kichwa amefungwa gunia ili jua lisimshtue, Adelaïde aliniwekea kitu mkononi. Ilikuwa jetoni. Namba mia sita na kumi. Picha: uso wa ng'ombe, wa mbele, masikio yanaonekana yote kama inavyotakiwa. Jina: Bihogo. Umri: miaka sita. Jinsi: mwanamke. Kazi: mkulima. Chini, sahihi ya afisa kwa wino wa bluu.

Kwenye kamba ya Mweso askari walitaka kumshusha. Mukagasana alikaa chini ya tumbo la ng'ombe, akatoa karatasi mbili, yake na ya Bihogo. Mkubwa wao aliisoma mara mbili. Aliita wenzake. Mmoja alicheka mpaka akakohoa.

"Imesainiwa," mkubwa akasema mwishowe. Hakucheka. "Sahihi ni ya chef. Mimi siwezi kukataa sahihi ya chef."

"Na Bihogo ana miaka mingi kazini kuliko wewe," Mukagasana akamwambia. Nikamkanyaga mguu. Kamba ikashushwa.

Lori lilitufikisha Pinga siku ya pili, na pale barabara iliisha kwa gari. Mbusa alibaki na lori. Tulitembea siku nne na ng'ombe kwenye matope ya Walikale hadi Buleusa, ambako shemeji yangu analima mihogo na karanga. Wengi kule walikuwa hawajamwona ng'ombe kwa karibu hivyo. Bihogo alizaa wiki ya pili, jike, rangi ya mama yake. Mukagasana alinipa kikombe cha kwanza baada ya siku za ndama kwisha, kama mkataba ulivyosema, na kila asubuhi aliniuliza kama ninasikia chumvi.

Wiki ya saba Adelaïde alifika. Alikuja na wanawake wabeba chumvi, miguu imevimba, kitambaa cha kuchujia jibini amejifunga kichwani. Alikwenda kwa ng'ombe kwanza. Alimpapasa chini ya shingo, akamwinua ndama mkia kuangalia ni jike, ndipo akaja kukaa.

Alipokwisha kunywa nikasema, "Walikuachilia?"

"Walinifukuza," akasema. "Mashini ilikuwa inakufa. Kila siku, nusu saa, inakata. Afisa alileta muntu mwingine kuangalia. Yule alifungua, akaona kila kitu iko nzima, ventilo zote ine zinazunguka vizuri. Akasema ni prosesa, imekwisha. Afisa alinipiga makofi mbili, akasema hata chakula yangu ni hasara. Nikatoka siku ile ile na jetoni yangu."

"Ilikufa na nini?"

Akafungua kitambaa kichwani, akajifuta miguu.

"Nilitia mupango yako, Papa Kahambu. Zote ine zinapiga ndani."

Mama yake alicheka kule kwenye zizi, bila hata kugeuka.

Nilikaa nikipima. Kama wangelijua hilo, asingefika Buleusa wala kwingine. Nikasema, kwa sababu ni tabia yangu, kwamba basi kompyuta nimeipoteza, na maziwa ya wiki tano si kitu mbele ya kompyuta, kwa hiyo ndama tungeweza kumzungumzia.

"Haujaipoteza," akasema. "Iko mu duka, iko nzima. Ni kugeuza ventilo mbili, bisi munane za kufungua na bisibisi. Mutoto anaweza." Akafungua pindo la kitenge, akaniwekea mezani ufunguo wa duka langu la Kitshanga. "Enda uichukue."

Alikaa Buleusa mpaka ndama alipoweza safari ndefu, kisha wakaondoka wanne, yeye, mama, ng'ombe na ndama, kuelekea nyanda za Lubero ambako kuna majani. Siku hizi anatengeneza jibini kule, na ameniletea moja. Nilimwambia imezidi chumvi. Lori Mbusa alilitoa Pinga likiwa zima, na mzigo uliobaki ndani uliniwezesha kuanza tena. Ufunguo ninao, kwenye kamba moja na wa nyumba ya Buleusa. Duka sijaliona tena.